Kitovu cha Sahani

Hasira zangu ziko karibu, nisikudanganye. Watu wa Lushoto wanaonijua watakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Kwa hiyo nikisimulia habari ya lile sanduku la muziki ikaonekana kama nagombana, ujue kweli nagombana, ingawa wengi ninaogombana nao wameshatangulia mbele ya haki.

Miaka hiyo nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa, jirani na soko. Ilikuwa miaka ya ruksa. Tulikuwa tumepanga foleni ya sabuni mpaka tukasahau harufu yake, halafu ghafla maduka yakajaa: sabuni, sukari, dawa ya meno, betri tunazoziita mawe ya redio, khanga za kuchagua. Marobota ya mitumba yakawa yanapandishwa na malori kutoka Mombo, na watu wakaacha kushonesha nguo mpya. Wakawa wananiletea makoti ya Wazungu wanene niwapunguzie. Kutwa nzima napunguza, mabega, viuno, mikono, mpaka nikaanza kuwachukia wale Wazungu kwa kula vizuri.

Kila kitu kilikuwa kinarudi, na hilo ndilo lililomtesa mama yangu. Anatoka dukani na kilo yake ya sukari, anaiweka mezani, anaitazama kama mtu aliyemkosea. "Sukari imerudi," anasema. "Mpaka umefunguliwa, magari ya Nairobi yanapita. Yeye anangoja nini?"

"Yeye" alikuwa kaka yangu, mtoto wake wa kiume pekee. Kaka alikwenda kuchuma chai upande wa Amani angali kijana, na huko mashambani, penye watu wa kila kabila na kila dini, akaingia bendi ya wafanyakazi. Shule hakuipenda, lakini koo alijaliwa. Bendi ile ilikwenda Nairobi ikarekodi wimbo mmoja, kila mwanabendi akarudi na sahani yake ya santuri, na kaka akaja kumpa mama ya kwake. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mtu anayemuaga mkewe akienda kibaruani, wimbo wa kawaida tu, ila anayeuimba mwanzo mpaka mwisho ni yeye. Akakaa nyumbani siku chache akila ugali wa mama, akateremka Muheza, akapanda basi na wenzake kwenda kurekodi wa pili. Mpaka wa Kenya ukafungwa wakiwa hukohuko.

Wenzake walirudi mmojammoja kwa njia za panya, huyu ana mke, yule ana pengo. Kaka hakurudi. Wa mwisho kufika alisema alimwacha Mombasa, mzima, anatafuta kazi ya meli au ya hoteli, hakumbuki vizuri. Baada ya hapo kimya.

Sasa sikiliza mama alivyomngoja. Kaka alikuwa amemwachia na gramafoni ndogo ya kutumia mawe, yenye kifuniko chekundu. Kila Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri mama anaifungua, anapangusa sahani kwa upindo wa khanga, anamsikiliza mwanawe. Miaka ya shida mawe hayakupatikana. Tulikuwa na yaleyale ya zamani, tunayaanika juu ya bati kama tunavyoanika mahindi. Yakipata jua yanafufuka kidogo, unapiga wimbo mmoja, yanakufa tena. Na mawe yakichoka sahani huzunguka polepole, na sauti ikashuka. Mwanzoni kaka alikuwa anaimba kama kijana aliyelala vizuri. Miaka ikaenda, akawa mzito. Mwishomwisho ilikuwa sauti ya mtu wa makamo, inayakokota maneno, mtu aliyeona mengi huko alikokwenda.

"Unasikia?" mama alikuwa akiniambia. "Kaka yako amekomaa. Sasa ana sauti ya baba yenu."

Nilidhani ananitania. "Mama," nikamwambia, "akiendelea hivi atakupita wewe kwa uzee." Naye akacheka. Tulikuwa tunacheka sana sisi wawili, msije mkadhani nyumba yetu ilikuwa ya kilio.

Halafu masika moja bati likavuja usiku kucha, na maji yakaichagua gramafoni. Madukani mawe mapya ndiyo kwanza yalikuwa yameingia, lakini ya nini tena? Fundi wa redio aliifungua, akainusa, akasema, "Dada, hii sasa ni sufuria." Mama hakulia. Aliiviringisha ile sahani kwenye kitenge, akaiweka chini ya godoro lake, na kuanzia Ijumaa iliyofuata akawa hali chakula cha mchana. Kwake ile haikuwa santuri, ilikuwa habari. Kila wiki alikuwa akipata habari za mwanawe, yuko, anaendelea, anazidi kuwa mtu mzima. Sasa habari zimekatika, na mama akaanza kukauka mbele ya macho yangu. Khanga nilizomfunga mwenyewe zikawa zinamvuka.

Ndipo likaja lile sanduku. Klabu moja ya Wazungu kwenye mashamba ilikuwa inauza vitu vyake, na tajiri mmoja wa Tanga, mwenye baa ng'ambo ya barabara kutoka barazani kwangu, akalinunua. Lilipanda mlima juu ya lori lililokuwa limetoka kushusha kabichi. Nililiona likiteremshwa, wanaume wanatweta, ukungu umetanda hata nyumba ya pili haionekani. Mmoja wao akasema, "Polepole, msimwamshe." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na sijui kwa nini, maana kwa kawaida mzaha kama ule ningeujibu.

Watu wakaliita kinanda cha shilingi. Unatumbukiza shilingi, unabonyeza namba, na ndani ya kioo unaona sahani zimesimama kwa safu kama vyombo kwenye kichanja. Mkono wa chuma unatoka, unaivuta yako, unailaza juu ya gurudumu, sindano inashuka. Uzuri wake sikatai. Lakini lilikuwa na ugonjwa mmoja. Lile gurudumu lilikuwa na kigingi katikati, kinene kama gunzi la hindi, maana sahani za huko lilikotoka zina tundu kubwa. Za kwetu, za Dar, za Tanga, za Nairobi, tundu lake linapita penseli tu. Kwa hiyo wachuma chai walikuwa wanateremka siku ya mshahara na hamu zao za nyimbo za nyumbani, wanatumbukiza shilingi, wanapata Mzungu analia kwa Kiingereza. Wakalipiga mateke.

Tajiri akamwita yule fundi wa redio. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mchangamfu, mdomo haumpumziki. "Hakuna kitu cha umeme kisichonijua," ndiyo ilikuwa salamu yake. Akaweka meza yake uani kwa baa, na mimi kutoka kwenye cherehani naona kila kitu. Mwanzo alitaka kupanua matundu ya sahani zenyewe. Akachora duara kwa bikari ya mtoto wa shule, akachukua msumeno mwembamba, akaanza. Ya kwanza ikapata ufa mpaka ukingoni. Ya pili akachoma bomba la chuma kwenye makaa, akaligandamiza, likakata, lakini tundu likaenda upande kidogo. Ilipopigwa, mwimbaji akawa anapanda na kushuka kama mtu yumo ndani ya basi la kona, unasikiliza unapata kichefuchefu. Tajiri akamtukana. Fundi akapangusa jasho, akasema kwa sauti ya kusikika sokoni kote, "Shida ni kitovu! Sahani zetu zina kitovu. Lazima nizikate kitovu moja moja, ni kazi ya ukunga hii!"

Watu wakacheka, na neno likasafiri. Lushoto neno halihitaji gari. Jioni ileile lilikuwa limeshapanda njia ya Irente mpaka nyumbani kwetu.

Nilikuwa nimemficha mama habari za lile sanduku, makusudi kabisa. Nilimjua. Asubuhi nikamwona anakuja, fimbo mkononi, kitenge kimefungwa kifuani, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Kuna mashine ya santuri hapa na hukuniambia."

"Mama, ile ni baa."

"Asubuhi baa ni nyumba tu."

"Inavunja sahani, mama. Nimeona kwa macho yangu. Hiyo ndiyo moja uliyo nayo."

"Simsikii," akasema. "Sijui kama mzima. Wewe unaweza kulala hujui kama mwanao mzima?"

Nikakasirika, nikavunja sindano ya cherehani kwa kukanyaga vibaya. Roho yangu ilikataa tangu hapo. Si kwamba niliota au niliona bundi, sina mambo hayo. Ilikataa tu. Nikamfuata ng'ambo ya barabara, maana sikio la kufa halisikii dawa, lakini mwenye sikio ni mama yako.

Fundi alipomwona akasimama haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayekata vitovu?"

Fundi akacheka. Mama hakucheka. Akafungua kile kitenge, akamwonyesha sahani bila kumpa mkononi. "Humu yumo mwanangu," akasema. "Nilishamkata kitovu mara moja, siku aliyozaliwa, na najua nilipokizika. Mara ya pili hakatwi. Anayekatwa mara ya pili anakatwa na nini kama si mauti?"

Mwe! Nilimwona fundi akifumba mdomo, jambo ambalo sikuwa nimelishuhudia. Muheza nako watu wanazaliwa, na vitovu vinazikwa. Alikuwa ametania siku nzima ya jana kwa neno ambalo halitaniwi, na sasa limemrudia kinywani mwa mzazi. Aliuchukua ule msumeno, akaufunga kwenye gazeti, akautia mfukoni. Tangu hapo hakukata tena sahani yoyote, hata ya mtu asiyemjua. "Basi, mama," akasema. "Tutaibadilisha mashine. Sahani haiguswi."

Tajiri akapiga kelele, halafu akafikiria wachuma chai na mateke yao, akakubali. Fundi akalifungua lile gunzi la chuma, akaondoka nalo kwenda kwa watu wenye mashine ya kukereza vyuma, akarudi na kigingi chembamba kama penseli, ncha ameipiga tupa ikachongoka. Sasa zile za Kizungu zenye tundu kubwa nazo zingelegea, kwa hiyo akaanza kuzitengenezea vitovu vya kuziba. Vya nini? Vya ndala. Alizunguka mji mzima akiomba ndala mbovu, akakata viduara kwenye nyayo, vya buluu, vyekundu, akatoboa katikati, akavishindilia. Watu wakaja kuangalia ndala zao zilivyoingia muziki. Ilichekesha, kweli. Hata mimi nilimpelekea ya kwangu moja.

Lakini ule mkono wa chuma ulikuwa umezoea kulenga gunzi, na sasa unatakiwa kulenga penseli. Siku za majaribio nilikuwa nasikia kutoka barazani. Unapita ukimya, halafu tik, imekaa. Tena tik. Halafu ghafla kraa! na fundi anamtaja Mungu. Sahani imeangukia ncha, imepasuka. Anakaza skrubu, anajaribu tena. Mvua zilikuwa hazikatiki wiki ile, ardhi imeporomoka kwenye kona za kuteremkia Mombo, magari hayapiti, umeme unakuja na kukatika. Kila nikisikia lile kraa naacha kushona. Mteja mmoja aliniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikamjibu vibaya.

Nilimwomba mama angoje mvua ziishe. Nilimwomba angoje fundi azoee. Jioni nikarudi nikamkuta anasukwa nywele na jirani, na kuku amefungwa mguu pembeni ya jiko.

"Kuku wa nini?"

"Tukitoka kumsikiliza tutakula."

"Mama, ni sahani. Haji mtu."

"Najua ni sahani," akasema, akainamisha kichwa jirani aendelee. "Maneno yako mengi leo."

Asubuhi yake kuku akachinjwa mapema, akaachwa jikoni kwenye sufuria, tukateremka. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani. Baa ilinuka bia ya jana na maji ya deki, viti vimepandishwa juu ya meza. "Onga makeo," mama akawasalimu wote kwa Kishambaa, kama anaingia nyumbani kwa mtu, na tajiri mwenyewe, mtu wa pwani, akavua kofia. Fundi alikuwa na kitambaa cha kupangusia mikono na mikono yake haikauki. Nikamshika kiwiko. "Ukiivunja," nikamnong'oneza, "sijui nitakufanya nini, lakini nitakufanya."

"Dada, hata mimi nina mama," akasema.

Mama akampa sahani. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akimpa mtu. Fundi akaipachika kwenye safu, akafunga kioo, akabonyeza. Sanduku likanguruma. Mkono ukatoka, ukatembea kwenye safu polepole, ukapita nyingine zote, ukafika, ukaivuta. Nilifumba macho. Nilisikia pumzi ya tajiri nyuma yangu.

Tik.

Imekaa. Wallahi nilicheka kwa sauti, nikampiga fundi mgongoni, naye akacheka, tajiri akasema, "Alhamdulillahi," na umeme haukukatika. Nilidhani ule wasiwasi wangu ulikuwa wa hapo tu, na sasa umekwisha.

Halafu kaka akaimba. Jamani. Ilikuwa sauti nyembamba, nyepesi, ina haraka, ina kicheko pembeni. Kijana mdogo kabisa. Miaka yote ile ya mawe yaliyochoka nilikuwa nimemsahau na sikujua kama nimemsahau. Ndiye huyu! Ndiye aliyekuwa ananinyang'anya muwa halafu ananirudishia kipande kibovu, ndiye aliyesimama mlangoni siku ile na begi lake. Machozi yakanitoka kwa furaha, sioni haya kusema. Nikageuka nimwambie mama, ndiye, umemsikia?

Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mikono magotini, uso hauna kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wa chuma ukairudisha sahani mahali pake, salama, haina hata mkwaruzo.

"Huyu nani?" akauliza.

"Kaka, mama. Si kaka huyo?"

"Mbona mdogo?"

Mimi nilielewa papo hapo. Fundi hakuelewa. Alidhani anaulizwa habari za ufundi, na mtu huyu akiulizwa habari za ufundi hanyamazi. "Aa, mama, hii ndiyo spidi yake hasa," akasema kwa raha. "Ile gramafoni yenu mawe yalikuwa yamechoka, ikawa inakokota. Sahani ikizunguka polepole, mtoto anakuwa mzee. Hapa ndiyo umemsikia mwenyewe, vilevile alivyorekodiwa." Nilimfinya. Akaendelea. "Vilevile kabisa, mama."

"Ile sauti nzito ilikuwa ya mawe," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haikuwa yake."

"Hapana, mama. Yake ni hii."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa bei na kuikubali. "Basi hakukua," akasema. "Miaka yote hii mwanangu yuko palepale. Walio hai wote nawaona wanakua, hata wewe umekua, umepata mvi. Asiyekua ni nani? Asiyekua ni maiti."

Nikamgombeza. Nilimgombeza mama yangu mbele ya watu, ndani ya baa. "Mama! Sahani haikui! Ya mtu yeyote haikui! Angekuwa rais angekuwa vilevile humo ndani! Hii haituambii kitu, ni plastiki!" Nilipiga kelele mpaka watu wa sokoni wakachungulia mlangoni. Alinisubiri nimalize, kwa upole wa kuudhi.

"Wewe ulikuwa unacheka," akasema. "Mimi nilikuwa namsikia anakua."

Akainuka, akamshukuru fundi, akamshukuru tajiri, akapanda njia ya nyumbani bila kuichukua sahani yake. Mimi ndiye niliyeichukua. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapeleka habari kwa majirani, mikeka imetandikwa, wanawake wamefika. Yule kuku akaongezewa wali, wakala waliokuja kutupa pole.

Mwalimu wa msikitini aliitwa, akaja na wasiwasi wake. Alisema mtu hasaliwi sala ya jeneza bila habari ya kifo, lazima awepo shahidi, ipo njia ya sheria na ina subira yake. "Shahidi ni mimi," mama akamwambia. "Nimemsikia." Mwalimu akanitazama mimi, nami nikatazama chini, maana ningeanza kusema nisingeacha. Mwisho walisoma hitima tu, akamwombea rehema popote alipo, maneno aliyoyachagua kwa uangalifu sana. Fundi alikaa kwa wanaume mwisho wa mkeka matanga yote. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri kuliko kazi yoyote maishani mwake. Kama angeikata ile sahani ikaenda upande, kama angeivunja hata, mama angelia akangoja. Nilitamani angeivunja. Namuomba Mungu anisamehe, lakini nilitamani.

Na hili ndilo lililoniumiza zaidi: mama alipona. Baada ya arobaini akaanza kula, akalala usingizi mzima, khanga zikamkaa. Ijumaa mchana akawa anakwenda kulima viazi. Hakuuliza tena habari za mpaka wala magari ya Nairobi. Siku moja tunamenya mihogo aliniambia, bila kuinua uso, "Akija mtu akasema ni yeye, usimfungulie."

"Mama, Mungu wangu! Kwa nini?"

"Wangu ni kijana. Huyo atakuwa mtu mzima. Sitamjua."

Nikamwambia anyamaze, maneno gani hayo. Akaendelea kumenya. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na akaenda kwa amani, mimi nikimshika mkono. Hakulitaja jina la mwanawe, alitaja la mama yake.

Ilikuwa baada ya kumzika, siku nimekwenda stendi kumsindikiza shangazi, mama mmoja muuza matunda ya plamsi akanipa pole. Namjua kwa sura tu, anakimbilia madirisha ya mabasi na beseni lake. Akanipa pole, halafu akasema, kama mtu anayejaza maneno, "Si ndiyo nyie mliokaa matanga ya kijana wenu aliyefia ng'ambo? Kuna mtu aliwahi kuwaulizia, masika yaliyofuata matanga yale."

Nikamuuliza mtu gani.

"Abiria tu. Alishuka kwenye basi la Tanga, akaniuliza kama mama yenu bado anakaa njia ya Irente. Nikamwambia yupo, ila ni mfiwa, amemzika mwanawe wa kiume, nyumba ilijaa watu. Akaniuliza, mwana yupi? Nikamwambia alikuwa na wa kiume mmoja tu, yule mwimbaji. Akasimama hapo ulipo wewe. Halafu akanunua plamsi, akapanda basi lilelile, likageuza likateremka naye."

Nilimshika khanga yake kifuani, beseni likayumba. Alikuwa mrefu? Mrefu wa kawaida. Umri? Mtu mzima, ana mvi kidogo. Alikuwa na mtu? Peke yake. Watu wakaanza kututazama, shangazi ananivuta mkono, na mimi simwachii.

"Sauti," nikamwambia. "Sauti yake ilikuwaje? Nzito? Nyembamba?"

"Mwe, dada, niachie!" akasema. "Basi linataka kuondoka, watu wamejaa madirishani, mimi nauza plamsi. Nani anasikiliza sauti?"